Tajiri kaleta vibarua toka Malawi, wamekamatwa hawajalipwa hata mia, yeye yupo zake nyumbani. Sheria inamgusa nani?

Swali limetoka kwa kijana wa Tukuyu ambaye kwa sasa yuko Chunya anasimamia shamba la tumbaku. Aliandika kirefu, nimefupisha:

"Shikamoo wakili. Tajiri wangu kila msimu ananipa nauli niende Kasumulu nikapokee vijana wanaovuka toka Malawi kwa njia za panya, nawapakia kwenye boda mpaka Kyela mjini, halafu tunapanda gari kuja Mbeya na huku Chunya. Msimu huu walikuja tisa, mmoja ukimwangalia hajafika hata miaka 17. Waliahidiwa laki tano kwa miezi nane, chakula juu ya tajiri, hela mpaka tumbaku iuzwe. Tumbaku imeuzwa, wiki iliyofuata Uhamiaji wakaja alfajiri moja kwa moja mpaka kwenye vibanda, wakabeba saba. Wawili walikuwa mtoni, akiwemo huyo mdogo, wakapona. Hakuna aliyelipwa. Tajiri hakuulizwa kitu. Wazawa huku wanashangilia, wanasema Wamalawi ndio waliua bei, zamani kibarua wa msimu alikuwa anachukua laki tisa, sasa anaambiwa laki sita na akigoma anaambiwa wapo wengine. Naomba kujua mwenye kosa ni nani, hao wawili waliobaki wanaweza kudai hela yao, na mimi mwenyewe niko salama? Ndaga fijo."

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana ndilo la haraka: hapana, hauko salama, na nataka ulielewe hilo kabla ya mengine yote.

Angalia kazi yako ilivyokaa. Nauli anatoa tajiri ila anayeonekana Kasumulu ni wewe, anayewapakia kwenye boda ni wewe, anayewaonyesha kibanda cha kulala ni wewe, na jina lililoandikwa juu ya daftari la vibarua ni la kwako. Sheria ya Uhamiaji haimtaji tu mtu aliyevuka mpaka, inamtaja pia anayemsafirisha na anayemhifadhi, na hapa Mbeya unajua mwenyewe wangapi wamefungwa, madereva wa malori, vijana wa bodaboda, mpaka mama mwenye chumba alichokodisha kwa Wahabeshi wa safari ya kwenda Afrika Kusini. Wengi walikuwa wanafanya kazi ya mtu mwingine. Siku kesi ikiwa kubwa tajiri atasema alikuachia wewe mambo ya vibarua, hakujua wametoka wapi, na wewe huna hata karatasi moja inayoonyesha kuwa ulitumwa. Kwahiyo safari za Kasumulu zimeisha leo. Akikwambia msimu ujao uende tena, mjibu kwa meseji ya simu, sio kwa mdomo, na meseji usiifute.

Sasa kosa ni la nani. Kisheria ni la pande mbili, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika wakidhani mwenye kosa ni mgeni peke yake. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, imekataza mgeni kufanya kazi bila kibali, na imemkataza mwajiri kumwajiri mgeni asiye na kibali. Hayo ni makosa mawili yamekaa kwenye sheria moja. Afisa akikuta Wamalawi saba kwenye vibanda vya shamba lenye mwenyewe, amekuta makosa mawili papo hapo. Akiondoka na la kwanza akaacha la pili, tatizo halipo kwenye maandishi, lipo kwa aliyekuja kuyatekeleza na kwa wakubwa waliomtuma.

Halafu kuna jambo ambalo hata wazawa wanaoshangilia hawalijui. Kibali cha kazi anatoa Kamishna wa Kazi, na ili akitoe mwajiri lazima aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akakosa, na aweke mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Kibali chenyewe ada yake inahesabiwa kwa dola. Sasa niambie, nani atakwenda kwa Kamishna aseme amekosa Mtanzania wa kuchuma majani ya tumbaku? Haiwezekani. Maana yake kibarua wa shamba toka Malawi au Zambia hana mlango wa halali hata akitaka. Kuingia anaruhusiwa, raia wa nchi hizo haombi viza, anagongewa muhuri pale mpakani anakaa siku zake, ila kufanya kazi hapana. Na yale mambo ya soko la pamoja la Afrika Mashariki la mwaka 2010 hayamhusu, maana Malawi na Zambia ziko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na SADC itifaki yake ya watu kutembea ya mwaka 2005 haijaanza kutumika mpaka leo. Kwahiyo tuna mpaka ambao watu wanavuka kila siku, Mngonde wa Karonga upande wa Malawi na Mnyakyusa wa Kyela ni ndugu kabisa wanaoelewana lugha na kuzikana, wametenganishwa na mto Songwe kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, tuna mashamba yanayohitaji mikono kila msimu, na tuna sheria ambayo haina nafasi ya mikono hiyo. Hapo katikati ndipo tajiri wako alipokaa. Yeye hapati hasara kwa kibarua kukosa kibali, anapata faida, kwasababu mtu asiye na kibali hawezi kwenda kushtaki popote.

Nataka ukae na hilo kidogo maana ndio jibu la kile wazawa wanachokisema kuhusu bei. Chukua hesabu zako mwenyewe. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi, na imeshafuatiwa na nyingine iliyoanza Januari 2026. Twende na ile ya zamani tu ili asije mtu akasema nimeongeza chumvi. Miezi nane mara 140,000 ni 1,120,000. Mmalawi kaahidiwa laki tano. Mzawa anaambiwa laki sita, na hata ile laki tisa anayoikumbuka kama enzi nzuri haifiki kima hicho. Umeona? Wote wawili wameibiwa, tofauti ni kiasi. Tena fungua lile jedwali la amri ya mshahara uangalie safu zake, kuna saa, siku, wiki, wiki mbili, mwezi. Hakuna safu inayoitwa "msimu". Huo utaratibu wa kumlipa mtu mara moja tumbaku ikiuzwa umezoeleka Chunya nzima mpaka watu wanauona wa kawaida, lakini ndio mtego wenyewe, kwasababu unamfanya kibarua amkopeshe tajiri miezi nane bila riba wala dhamana, halafu siku ya kudai deni lake mdaiwa ana namba ya simu ya Uhamiaji na yeye hana namba ya mtu yeyote.

Kama ni tajiri wako aliyepiga simu au ni jirani, sijui, na wewe usitangaze usichoweza kuthibitisha. Ila kwa hesabu ya hela haina tofauti. Vibarua tisa mara laki tano ni milioni nne na nusu. Saba wameondoka, kwahiyo milioni tatu na nusu imebaki kwenye mfuko wake asubuhi moja. Msimu ujao akiwa na uhakika wa kupata tisa wengine, kwanini amchukue mzawa wa laki tisa anayejua mtendaji wa kijiji anakaa wapi? Mzawa hashindani na Mmalawi kwa nguvu wala kwa ufundi, anashindana na woga wa Mmalawi, na huo woga hauwezi kuushinda kwa kushusha bei yako. Siku huyo Mmalawi atakapoweza kudai 1,120,000 yake na akaipata, siku hiyo hiyo atakuwa sio rahisi tena, na tajiri atarudi kuwachukua watoto wa Lupa na Makongolosi. Wanaoshangilia pale kijijini wameshangilia kitu kitakachowarudia mwezi wa tisa vitalu vikianza.

Na jamani sisi watu wa nyanda hizi za juu kusini tusijifanye hatujui maisha haya. Babu zetu wa Rungwe walichukuliwa na Wenela, wakala wa kukusanya watu wa migodi ya Afrika Kusini, wakaenda kuchimba dhahabu Johannesburg, wengine wakaenda migodi ya shaba kule Zambia. Wabena na Wakinga walikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao kabisa ya kukusanya watu, SILABU, na Njombe ilikuwa moja ya sehemu walizozitegemea. Sheria ya mkoloni ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya manamba anayetoroka kabla mkataba haujaisha kuwa mhalifu wa kushtakiwa. Mpaka leo binti wa Iringa anachukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar, anaambiwa hela yako nakutunzia utapewa ukiwa unarudi kwenu, na anayekaa Sinza akipanda basi la kurudi Mafinga mikono mitupu hana wa kumlilia. Huyu ni Mtanzania na ana kitambulisho cha NIDA. Kilichomfunga ni kuwa mbali na kwao, kutokujua pa kwenda, na hela yake kukaa kwa mtu mwingine mpaka mwisho. Mmalawi wa Chunya ana hayo yote, amezidishiwa hofu ya kufungwa.

Sasa watu huwa wananiambia, wakili hayo ni ya kwetu Afrika, wenzetu wamestaarabika. Hapana. Marekani walikuwa na mjadala huu huu miaka mingi. Mwaka 1952 walitunga sheria ya kumwadhibu anayemhifadhi mhamiaji haramu, halafu wakaandika humo humo kwamba kumwajiri hakuhesabiki kuwa ni kumhifadhi, wakulima wakubwa wa Texas ndio waliotaka kifungu hicho. Walikaa nacho mpaka 1986, enzi za Reagan, ndipo sheria mpya ikamfanya mwajiri kuwa na kosa, ila akiwa ameajiri "kwa kujua". Hilo neno limewaokoa wengi. Mwajiri anaonyeshwa karatasi, karatasi inaonekana ya kweli kwa macho, basi, hakujua. Au anamtumia wakala wa kuleta wafanyakazi, akiulizwa anasema muulizeni wakala, kama tajiri wako atakavyosema muulizeni msimamizi. Tarehe 7 Agosti 2019 kule Mississippi walikamata wafanyakazi 680 kwa siku moja kwenye viwanda vya kuku, watoto wakatoka shule wakakuta nyumba tupu. Mameneja wanne wakaja kushtakiwa mwaka mmoja baadae. Na kabla ya hapo, mwaka 2002, mahakama yao ya juu kabisa ilishasema mfanyakazi asiye na karatasi aliyefukuzwa kwa kushiriki mambo ya chama cha wafanyakazi halipwi mshahara wa kipindi alichokuwa nje ya kazi. Majaji waliopinga hukumu ile waliliona wazi, walisema unampunguzia mwajiri gharama ya kuvunja sheria, kwahiyo unampa sababu ya kuwatafuta watu wa aina hiyo. Hiyo ndio hesabu ya Chunya, imeandikwa Washington.

Nikirudi kwetu, hao wawili waliobaki wanaweza kudai? Hapa nitakwambia ukweli wenye pande zake, usije ukawapa matumaini hewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamzungumzia mfanyakazi, haisemi mfanyakazi raia. Inasema mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kifungu cha 15 kinaenda mbele zaidi, kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba au hayo maelezo mbele ya vyombo, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje unakuwa wake yeye. Hicho kifungu ni kizuri mno kwa watu wasio na karatasi, watu hawakijui. Makato nayo hayafanywi kiholela, mpaka yawe ya kisheria au mfanyakazi amekubali kwa maandishi, yani zile sukari, sabuni na dawa za malaria alizokuwa anaziandika kwenye daftari ili mwisho wa msimu azikate, aonyeshe sahihi zao. Madai ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60, na Mbeya wana ofisi. Kwahiyo siku zinahesabika tangu sasa.

Upande wa pili, zipo hukumu hapa kwetu zilizosema mgeni aliyekuwa anafanya kazi bila kibali mkataba wake hauna nguvu ya kisheria, na wakili wa tajiri atazileta siku ya kwanza kabisa. Mimi naona hukumu za namna hiyo zinamlinda mtu asiyestahili kulindwa, maana aliyetakiwa kuhakikisha kibali kipo kabla ya kumpa mtu jembe ni mwajiri, halafu kosa lake linageuka kuwa kinga yake. Afrika Kusini mwaka 2008 mahakama yao ya kazi ilikataa njia hiyo, mfanyakazi mgeni kibali chake kilikuwa kimeisha, ikasema bado ni mfanyakazi na malalamiko yake yasikilizwe. Sisi hatujafika hapo. Kwahiyo CMA peke yake nisingeitegemea kwa hawa wawili.

Njia ninayoiona ina nguvu ni nyingine, na inaanza na huyo mdogo. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kwenye kazi ya hatari, na tumbaku ni kazi ya hatari, wewe umeiona kwa macho. Yale majani yakiwa na umande asubuhi nikotini inaingia kwenye ngozi, mtoto anachuma safu mbili tatu anaanza kizunguzungu, anatapika, anaambiwa kale ugali urudi. Sheria ile ile ya 2004 inasema ni kosa kumwajiri mtoto kinyume cha sheria na ni kosa pia kumtafuta na kumleta kwa ajili ya ajira hiyo, sikia hapo, kumleta, hiyo ni safari yako ya Kasumulu. Na umri ukibishaniwa, anayetakiwa kuthibitisha kwamba alichunguza akaamini sio mtoto ni aliyemwajiri au aliyemleta. Hapo kibali hakiulizwi. Vivyo hivyo na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, mtu akichukuliwa kwao kwa ahadi ya uongo au kwa kutumia shida zake, akasafirishwa, akafanyishwa kazi asiyoweza kuiacha, huyo ni mhanga, na aliyekosa karatasi hapotezi uhanga wake. Watu wamezoea kufikiria usafirishaji haramu ni mabinti wa Oman na Wahabeshi kwenye kontena, lakini kibanda cha shamba la tumbaku Chunya nacho kinaweza kuwa humo, inategemea waliambiwa nini kule Karonga, simu zao alikaa nazo nani, na aliyetaka kuondoka katikati ya msimu alifanywa nini. Hayo unayajua wewe.

Kwahiyo usiwapeleke wenyewe polisi kichwa kichwa, watawekwa ndani kama wahamiaji na habari itaishia hapo. Anza na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kwa ajili ya mtoto, huyo kazi yake ni kumlinda na taarifa ikianzia kwake faili linafunguliwa likiwa na sura ya mtoto aliyetumikishwa. Sambamba na hapo tafuta msaidizi wa kisheria, wilayani wapo, wanatambulika kwa sheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure, aende na nyie kwa Afisa Kazi wa mkoa. Afisa Kazi ana uwezo ambao wengi hawautumii, anaweza kuingia sehemu ya kazi bila taarifa, akadai daftari, akahoji watu, akatoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze. Mpelekeeni cha kushika mkononi. Piga picha kurasa zote za daftari la vibarua, majina, tarehe za kuingia, siku za kuchuma, zamu za kulala bani wakati wa kukausha, na ule ukurasa wa makato. Andika majina ya wale saba na siku waliyobebwa, maana kama bado wako mahabusu au gerezani Afisa Kazi na ustawi wanaweza kuwafikia kabla hawajarudishwa, wakisharudishwa Malawi madai yao kwa ukweli yanakuwa magumu mno.

Najua unajiuliza, nikifanya hayo si najichoma mwenyewe? Unabaki na lawama yako, siwezi kukudanganya. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya msimamizi aliyekwenda mwenyewe na daftari akaeleza aliyetumwa na nani, na msimamizi aliyekutwa na daftari. Nenda na mwanasheria au huyo msaidizi, usiandike maelezo peke yako. Na wewe pia ni mfanyakazi wa yule mtu usiye na mkataba, mshahara wako wa usimamizi una madai yake, hilo usilichanganye na hili la kwanza lakini usilisahau.

Nimalizie na kitu kinachonikera kuliko vyote kwenye biashara hii ya tumbaku, maana tukiishia kwa tajiri mmoja wa Chunya tutakuwa tumemwacha mtu mkubwa zaidi. Tajiri wako ana mkataba wa kilimo kupitia AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, kampuni inayonunua inaleta mbolea na pembejeo kwa mkopo, siku ya soko bei inapigwa kwa dola, na kabla mkulima hajashika hela pembejeo zinakatwa juu kwa juu. Kila mwenye nguvu anakatiwa chake kwanza: kampuni, benki, ushirika, ushuru. Anayelipwa kwa kinachobaki, kama kinabaki, ni aliyechuma. Wakulima wengine nawajua, sio watu wabaya, tumbaku yao inashushwa daraja sokoni, wanarudi nyumbani na hela isiyotosha wanaanza kumkwepa kibarua. Simsamehe kwa hilo, ila naona pa kubana. Kama AMCOS inaweza kukata deni la mbolea kabla ya malipo, inaweza kukata na mshahara. Kila mkulima aandikishe vibarua wake AMCOS mwanzoni mwa msimu, majina, umri na kiwango, waliochuma walipwe pale pale mwisho wa mwezi kama deni lingine lolote la shamba. Hiyo haihitaji sheria mpya ya Bunge, inahitaji Bodi ya Tumbaku na kampuni za ununuzi ziweke sharti kwenye mkataba.

Na kampuni zitasikia zikitaka. Mwaka 2019, mwezi Novemba, Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kuingia bandarini kwao kwa madai ya utumikishwaji na ajira za watoto, wakitumia sheria yao ya forodha ya mwaka 1930. Kampuni kubwa zilihangaika kuonyesha mashamba yao yalivyo mpaka zikafunguliwa njia mwaka uliofuata. Na mwaka 2021 Malawi wenyewe wakaufuta kwenye sheria ule mfumo wao wa familia nzima kuishi kwenye shamba la tajiri na kulipwa mwisho wa msimu. Sasa fikiria, mfumo uliofutwa kule ndio huo huo vijana wao wanavuka Songwe kuja kuukuta Chunya.

Madiwani na wagombea wakija kwenye kampeni wanaongelea wageni, na Julai 2025 tuliona tangazo la serikali la kuwazuia wageni biashara 15, kununua mazao shambani ikiwemo, wale wa maparachichi ya Rungwe na Njombe liliwahusu moja kwa moja. Kwenye tangazo lile kuna kitu nilikipenda, Mtanzania anayemsaidia mgeni kuvunja katazo naye ameandikiwa yake, milioni 5 au jela miezi mitatu. Yani mwenyeji akatajwa kwa adhabu. Kwa hiyo wanajua namna ya kuliandika. Diwani wako akija muulize mbele za watu, mwaka huu ni waajiri wangapi wa wilaya hii wamepelekwa mahakamani kwa kuajiri wasio na vibali, na wangapi wameamriwa kulipa mishahara waliyozuia. Ataje idadi.

Wewe kwa sasa shughulika na siku. Kama wamekamatwa wiki iliyopita umebakiwa na kama wiki tatu kwa madai ya kuachishwa na kama wiki saba kwa mshahara, hata kama nimekwambia CMA ina ugumu wake fomu ijazwe ndani ya muda ili mlango usifungwe. Hao wawili wasirudi kulala kwenye vibanda vya shamba. Huyo mdogo mpe simu ampigie mama yake.